Wagonjwa "wasiofuata maelekezo": uchambuzi wa kisa kimoja cha utafiti wa kitaamuli wodini

Mgonjwa wa moyo akirudi wodini kabla ya tarehe yake ya kliniki, mara nyingi husemwa hivi: "Huyu hafuati maelekezo." Inasemwa haraka haraka, mtu akitafuta mshipa wa kuwekea dripu, na mjadala unaishia hapo hapo. Kisa ninachokichambua kinamhusu muuguzi ambaye hakuridhika na jibu hilo, akaamua kulifanyia utafiti. Nimekitunga kwa ajili ya mjadala, na maneno ya washiriki yaliyomo ni ya mfano. Matatizo ya kimbinu anayokutana nayo, hata hivyo, ni yale yale yanayowakwamisha watafiti wengi wa afya wanaofanya kazi ya kitaamuli, yaani inayochambua maneno na simulizi za watu badala ya takwimu, kwa mara ya kwanza.

Muuguzi huyu anasoma shahada ya uzamili huku akiendelea na kazi. Wagonjwa wake wengi wana moyo ulioshindwa kusukuma damu ipasavyo. Wakiruhusiwa, wanapewa maelekezo ambayo kwa mtaalamu ni mepesi: meza kidonge cha kupunguza maji mwilini kila asubuhi, punguza chumvi, jipime uzito kila siku, na ukiona umeongezeka zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3, wasiliana na hospitali. Kwenye faili panaandikwa "elimu ya kuruhusiwa imetolewa" na sahihi inatiwa. Wiki chache baadaye mgonjwa yule yule yuko kitandani tena, miguu imevimba, hawezi kulala bila kuegemea mito.

Andiko lake la kwanza la utafiti lilikuwa na kichwa kizito: uzoefu wa kuishi na moyo ulioshindwa, kwa mkabala wa kifenomenolojia, yaani unaochunguza jinsi mtu anavyolipitia jambo na maana analolipa. Swali lake kuu lilikuwa, kuishi na ugonjwa huu kuna maana gani kwa mgonjwa? Msimamizi wake alilisoma, akamwuliza jambo moja tu: matokeo yakishatoka, wodi itayafanyia nini? Akajibu bila kusita kwamba anataka elimu ya kuruhusiwa ibadilishwe. Hapo ndipo ilipoonekana kwamba swali aliloandika na jambo analolitafuta havifuatani. Maana ya kuishi na ugonjwa ni swali zuri, na lina watu wake. Lakini muuguzi huyu alitaka kujua mgonjwa aliambiwa nini, na nani, wakati gani, alielewa nini, na alipofika nyumbani kilitokea nini.

Swali lililoandikwa upya likawa: wagonjwa na ndugu wanaowauguza wanasimuliaje maelekezo waliyopewa siku ya kuruhusiwa, na ni mambo gani yaliwawezesha au yaliwazuia kuyatekeleza katika siku za mwanzo nyumbani? Swali la namna hii linaita maelezo ya kitaamuli: mkabala unaokusanya simulizi za wahusika na kuzieleza kwa lugha ya kawaida, kwa ukamilifu, pasipo kulazimika kuzigeuza kuwa nadharia.

Mtu aliyeupa mkabala huu nafasi yake kwenye utafiti wa uuguzi ni Margarete Sandelowski, kwa makala aliyoitoa mwaka 2000. Alikuwa ameona watafiti wanaobandika majina makubwa juu ya kazi zao, fenomenolojia, ethnografia (uchunguzi wa maisha na utamaduni wa kundi la watu), au ule mkabala wa Glaser na Strauss wa mwaka 1967 wa kujenga nadharia kutokana na data, ilhali walichofanya kwa kweli ni kueleza vizuri yale waliyoambiwa. Hoja yake ilikuwa kwamba kueleza vizuri ni kazi halali inayojitegemea, na haihitaji jina la kuazima. Alikubali pia kwamba kazi hiyo inaweza kuwa na rangi ya mikabala mingine, mradi mtafiti asidai kuwa amefanya kile ambacho hakukifanya.

Wako wanaoliona suala la jina kuwa la ukurasa wa mbele tu. Sikubaliani nao hata kidogo. Jina la mkabala linaamua maswali yatakayoulizwa. Muuguzi huyu angebaki na fenomenolojia, mwongozo wake wa mahojiano ungemwuliza mzee mwenye pumzi fupi kwamba anauonaje mwili wake sasa, na mzee angejibu kwa heshima, na saa nzima ingepita bila kidonge cha asubuhi kutajwa. Data ikishakusanywa hivyo haiponi kwa uchambuzi wa aina yoyote.

Kuchagua washiriki hakukuwa kugumu sana. Alihitaji watu waliorudi wodini ndani ya muda mfupi na wengine ambao hawakurudi, wanaoishi peke yao na wanaouguzwa na ndugu, wanaosoma na wasiosoma, waliougua juzi na waliougua miaka mingi. Sandelowski aliipendekeza sampuli ya makusudi ya namna hii, yenye kusaka tofauti kwa upana, kwa sababu inaonyesha mambo yanayojirudia licha ya tofauti za watu pamoja na yale ya mtu mmoja mmoja. Ndugu wanaouguza waliingizwa kama washiriki kamili, na uamuzi huo ulikuja kuwa na faida kuliko mwingine wowote.

Suala la idadi lilizua mabishano kwenye kamati, kama kawaida. Mjumbe mmoja alitaka 12, kwa sababu "ndivyo utafiti unavyosema". Utafiti anaoutaja ni wa Guest na wenzake wa mwaka 2006, waliochambua mahojiano 60 ya wanawake katika nchi mbili za Afrika Magharibi na kuona kwamba sehemu kubwa ya mambo ilikwisha kujitokeza ndani ya mahojiano 12 ya mwanzo. Washiriki wale walikuwa wanafanana kwa kiasi kikubwa na waliulizwa maswali yanayofanana. Anayesaka tofauti kwa makusudi hawezi kuibeba 12 ile na kuiweka kwake. Muuguzi aliona afadhali kuegemea hoja ya Malterud na wenzake ya mwaka 2016: kadiri lengo linavyokuwa finyu, washiriki wanavyolijua jambo lenyewe na mazungumzo yanavyokuwa ya kina, ndivyo watu wachache wanavyotosha. Kwa hiyo aliandika makadirio, akaeleza kwamba ataamua kusimama kadiri data inavyokuja, na akaeleza ataamuaje.

Kisha suala la sare ya uuguzi. Jambo hili ningependa lipewe uzito zaidi kwenye maandiko ya utafiti kuliko linavyopewa. Mtafiti huyu ndiye, au ni mwenzake na yule, aliyetoa maelekezo yanayochunguzwa. Mgonjwa anajua kuwa akiugua tena atapokelewa na mikono hiyo hiyo. Ukimwuliza kama alielezwa vizuri, atasema alielezwa vizuri sana. Kwa sababu hiyo ridhaa iliombwa na mtu asiyehusika na wodi, mahojiano yalifanyika nje ya hospitali kwa nguo za kawaida, na wagonjwa ambao muuguzi mwenyewe aliwahi kuwaruhusu walihojiwa na msaidizi. Mwongozo wa COREQ wa mwaka 2007, wenye vipengele 32 vya kuripoti utafiti wa mahojiano na vikundi, unamtaka mtafiti aseme yeye ni nani na alikuwa na uhusiano gani na washiriki kabla ya utafiti kuanza. Wengi wanajibu kipengele hicho kwa sentensi moja kavu. Katika kisa hiki kilistahili ukurasa mzima, maana kila neno lililosemwa na mgonjwa limepita kwenye uhusiano huo kwanza.

Mwongozo wa mahojiano ulianza na ombi badala ya swali: "Naomba unisimulie siku uliyoruhusiwa, tangu ulipoamka." Ombi hili lilifanya kazi kubwa. Halimpimi mtu. Halimwulizi kama alifuata au hakufuata. Linamrudisha mahali, na akishafika pale, mambo madogo yanakuja yenyewe: nani alikuwepo, nani alikuwa ameshatoka, karatasi iliwekwa wapi.

Hiki hapa ni kipande cha mahojiano ya mfano, cha mama mmoja wa makamo:

"Walinieleza vizuri tu, yule nesi alikuwa mpole. Ila mwanangu alishashuka chini kufuatilia karatasi, mimi nimekaa kitandani nimeshavaa, nawaza zile ngazi. Akasema kidonge cha asubuhi. Nikasema sawa. Sasa siku nikiwa na safari ya asubuhi, kile kidonge nakiacha, maana nitaomba choo njia nzima. Nikirudi naona muda umeshapita, nasubiri kesho. Sikuambiwa kama naweza kukimeza baadaye."

Uchambuzi wa kwanza wa kipande hiki ulizaa misimbo mitatu, yaani majina mafupi ya kutambulisha yaliyosemwa: changamoto za dawa, mawasiliano, msaada wa familia. Yote ni kweli, na yote hayana faida. Ni vichwa vya habari vilivyokuwemo kwenye mwongozo wa mahojiano kabla mama huyu hajafungua mdomo. Ukimwondoa mama na kila alichokisema, misimbo hiyo inabaki ilivyo. Kasoro hii imejaa kwenye ripoti zinazojiita za maelezo ya kitaamuli, na nadhani ndiyo inayowafanya wakosoaji wauone mkabala kuwa ni wa wavivu.

Msimamizi alipomwambia kwamba hapo hakuna uchambuzi, muuguzi aliruka hadi upande wa pili. Toleo la pili lilikuwa na dhamira, yaani wazo kuu linalokusanya misimbo, inayosema kwamba kuacha kidonge ni namna ya mgonjwa kupinga mamlaka ya hospitali juu ya mwili wake. Inasomeka kwa mvuto. Inafanana na makala za majarida makubwa. Lakini mama huyu hajapinga chochote. Amesema nesi alikuwa mpole, na ameacha kidonge kwa ajili ya choo. Mtafiti anayetaka kuzungumzia mamlaka anaweza kufanya hivyo, kwa nadharia iliyotajwa waziwazi na data iliyokusanywa kwa lengo hilo. Kuipachika nadharia juu ya maneno ya mtu aliyekuwa akieleza shida ya safari ni kumvua simulizi yake.

Toleo la tatu lilianza upya kwa maneno yake. Misimbo ikawa mirefu na ya kawaida: "alielezwa akiwa ameshavaa kuondoka", "mwanawe hakuwepo wakati wa maelezo", "anaruka kidonge siku ya safari kwa sababu ya choo", "hakujua muda unaweza kusogezwa", "alisema sawa akiwaza ngazi". Mahojiano mengine yaliposomwa kwa namna hiyo hiyo, misimbo ilianza kukusanyika, na dhamira zikaandikwa kama sentensi zinazosema jambo: maelekezo yalitolewa mgonjwa akiwa kimawazo ameshaondoka, kidonge kiliachwa kwa hesabu, aliyetakiwa kusikia hakuwepo chumbani.

Itazame hiyo ya katikati. Hakuna mshiriki aliyetamka neno "hesabu". Ni tafsiri ya mtafiti, ila ni tafsiri inayokaa karibu na data: watu kadhaa walieleza, kila mmoja kwa njia yake, jinsi walivyopima usumbufu wa siku moja dhidi ya madhara ambayo hawakuyaona mara moja. Mama yule akisomewa sentensi hiyo atajitambua ndani yake. Sandelowski mwenyewe alilazimika kulirudia jambo hili mwaka 2010, baada ya kuona makala yake ya kwanza ikitumika kama kibali cha kutotafsiri chochote. Alisisitiza kwamba hakuna maelezo yasiyo na tafsiri. Tofauti iko kwenye umbali kati ya tafsiri na maneno yaliyosemwa. Na ugumu wote wa mkabala uko kwenye umbali huo. Kubaki karibu kunahitaji nidhamu kuliko kuruka, kwa sababu kila siku ya uchambuzi kuna neno kubwa linalokuvutia.

Kisha akajitokeza mshiriki aliyevuruga mpangilio. Mzee huyu alifuata kila kitu. Kidonge kila asubuhi, uzito kila siku kwenye daftari, chumvi aliiacha. Siku uzito ulipopanda alipiga namba iliyoandikwa kwenye karatasi yake, haikupokelewa. Akapiga tena kesho yake, haikupokelewa. Siku iliyofuata akaletwa wodini hawezi kupumua. Kwenye rasimu ya kwanza muuguzi alimweka mwishoni, kwa maneno machache, kama mtu wa pekee.

Mimi ningeanza naye, na msimamizi alishauri hivyo hivyo. Mzee huyu anabadilisha maana ya utafiti mzima. Hadi hapo dhamira zote zilikuwa zinaelekea upande mmoja, kwamba elimu itolewe vizuri zaidi na wagonjwa watafuata. Daftari la mzee linaonyesha elimu iliyopokelewa ikatekelezwa hadi hatua ya mwisho, ikagonga mlango uliofungwa upande wa hospitali. Baada yake ilibidi mahojiano yote yasomwe tena, na ndipo sentensi zilizopitwa mwanzoni zilipoonekana: ndugu aliyeambiwa asubiri tarehe ya kliniki, mgonjwa asiyejua kama namba ile ni ya wodi au ya mapokezi, mwingine aliyeelekezwa kujipima uzito ilhali nyumbani hakuna mizani na hakuna aliyemwuliza. Ikazaliwa dhamira ya nne, kwamba maelekezo yalidhani kuwepo kwa vitu na watu ambao hawakuwepo. Mshiriki asiyeingia kwenye mpangilio anastahili muda kuliko wote walioingia.

Kuhusu uaminifu wa matokeo, andiko lilitaja vigezo vinne vya watafiti Lincoln na Guba vya mwaka 1985: kuaminika, kuhamishika, uthabiti na kuthibitika. Kuvitaja ni rahisi. Penye mtihani ni pale mtafiti alipoahidi kuwarudishia washiriki matokeo wayathibitishe. Wazo lenyewe ni zuri, lakini fikiria tena yule mama. Siku ya kuruhusiwa aliambiwa jambo na mtu wa hospitali, akajibu "sawa" akiwaza ngazi. Sasa mtu wa hospitali amerudi na karatasi nyingine anamwuliza kama ni sahihi. Atajibu nini? Utafiti wenyewe umegundua kwamba "sawa" ya mgonjwa haina uzito unaodhaniwa, halafu unataka kujithibitisha kwa "sawa" ile ile.

Njia waliyoifuata ilikuwa ya busara. Msaidizi aliwasomea washiriki wachache muhtasari mfupi, kisha akawaomba waonyeshe sehemu ambayo wao wangeisema tofauti, au jambo walilotaraji kulisikia na halimo. Ombi la namna hii linampa mtu nafasi ya kupinga bila kuonekana mkorofi. Ndugu mmoja alisema hakusikia chochote kuhusu usiku, na usiku ndio uliomtisha: mgonjwa anakohoa akilala, na yeye hajui ni wakati gani wa kuondoka nyumbani kwenda hospitali. Jambo hilo lilikuwemo kwenye data, limetawanyika, halijakusanywa. Likakusanywa. Zaidi ya hapo, mtafiti alitunza kumbukumbu ya maamuzi ya uchambuzi, lini msimbo ulibadilishwa na kwa nini, na mwenzake asiyefanya kazi wodini alisoma sehemu ya mahojiano bila kuiona misimbo iliyokwisha wekwa.

Uandishi wa matokeo nao ulikuwa na mtego wake. Rasimu zilijaa nukuu ndefu zilizopangwa moja baada ya nyingine, kana kwamba nukuu zinajieleza. Maelezo ya kitaamuli yanamtaka mwandishi aseme yeye kwanza, kwa lugha nyepesi, nini kilitokea, kwa akina nani, katika mazingira yapi, na kwa akina nani hakikutokea. Nukuu inafuata ili msomaji aone msingi. Palikuwa pia na swali la kuhesabu. Wengine wanaona kuandika "saba kati yao" ni kuusaliti utafiti wa kitaamuli. Sioni hivyo. Idadi ikimsaidia msomaji kujua kama jambo lilisemwa na mmoja au na karibu wote, iandikwe, mradi isigeuzwe asilimia na kuvishwa vazi la takwimu.

Matokeo yalipowasilishwa wodini yalikuwa ukurasa mmoja wenye mambo machache ya kufanyika. Maelezo yaanze siku kabla ya kuruhusiwa, yarudiwe ndugu anayeuguza akiwepo. Mgonjwa aombwe kueleza kwa maneno yake atakavyofanya, badala ya kuulizwa kama ameelewa. Aulizwe kuhusu siku za safari, na aambiwe muda wa kidonge unaweza kusogezwa vipi, kwa maelekezo ya daktari wake. Aulizwe kama ana mizani. Dalili za usiku zielezwe. Na namba ya simu iwe na mtu aliyepangwa kuipokea. Hili la mwisho ndilo lililoleta ukimya mrefu kuliko yote, maana halimhusu mgonjwa.

Daktari mmoja aliuliza ni asilimia ngapi ya wanaorudi wanarudi kwa sababu hizi. Jibu sahihi, na ndilo alilolitoa, ni kwamba utafiti huu hauwezi kusema. Haukuundwa kuhesabu, na washiriki walichaguliwa kwa makusudi. Unachoweza kufanya ni kuuandalia utafiti wa kuhesabu maswali ambayo wagonjwa watayatambua. Hojaji ya zamani ya wodi ilikuwa na swali "Je, unatumia dawa zako kama ulivyoelekezwa?", lenye majibu ndiyo na hapana. Katika hojaji inayoandaliwa sasa swali hilo limeondolewa, na mahali pake pameandikwa: "Mara ya mwisho ulipokuwa na safari ya asubuhi, kidonge cha kupunguza maji ulikimeza saa ngapi?" Kuna nafasi ya kuandika saa, na chini yake chaguo linalosema "sikukimeza siku hiyo", bila neno la kulaumu.